Marekebisho ya Katiba ya Marekani: maswali ambayo watu wanauliza kila siku

Kila nikikaa na ndugu zetu wanaojiandaa na mtihani wa uraia huku Marekani, lile swali la "Katiba ina marekebisho mangapi" wanalijibu haraka haraka, 27, ila ukiwauliza hayo 27 yamebadilisha nini watu wanakaa kimya. Na kusema kweli humo ndo kuna maisha yenyewe, nani anaitwa raia, nani anapiga kura, polisi akigonga mlango wako anaruhusiwa nini. Kwa hiyo nimekusanya yale ninayoulizwa sana nikayajibu hapa.

Marekebisho ni kitu gani hasa, wanaandika katiba upya?

Hapana. Katiba yao iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, ikaanza kazi 1789, na mpaka leo ni ileile. Wanachofanya ni kuongezea maneno mapya kule mwisho, ya zamani hawayafuti, yanabaki palepale hata kama hayana nguvu tena. Ndo maana ukiisoma leo bado unakutana na kile kipengele kilichofanya watumwa watano wahesabike kama watu watatu wakati wa kugawa viti vya bunge. Mimi naona ni vizuri kimebaki, mtoto akisoma anajionea mwenyewe nchi ilianzia wapi.

Mbona miaka zaidi ya 230 wamepata 27 tu?

Kwa sababu njia yenyewe ni mlima. Kwanza thuluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi wakubali, thuluthi mbili ya Seneti nao wakubali, alafu inapelekwa kwenye majimbo na lazima robo tatu ya majimbo yapitishe, yaani 38 kati ya 50. Kama umezoea nchi ambayo chama kikishakuwa na thuluthi mbili bungeni kazi imekwisha, hapa ni tofauti kabisa, unahitaji mabunge 38 mengine ambayo hayakusikilizi wala hayakuogopi. Kongresi, yaani hayo mabaraza mawili kwa pamoja, imeshaletewa mapendekezo zaidi ya 11,000, iliyoyapitisha ni 33, na yaliyovuka majimbo ndo hayo 27. Kuna njia nyingine pia, majimbo 34 yakiomba uitishwe mkutano mkuu wa katiba, ila haijawahi kutumika hata mara moja.

Rais je, anasaini?

Hana kazi hapo, hasaini na hawezi kuzuia. Lincoln alisaini ile ya kufuta utumwa Februari 1865 kwa furaha yake tu, na Seneti ikatoa azimio kwamba saini yake haikuhitajika.

Yale kumi ya kwanza yalitoka wapi?

Katiba ilipoandikwa haikuwa na orodha ya haki za raia na watu wengi walikasirika, walikuwa wametoka vitani na mfalme wa Uingereza juzi tu, askari wake walikuwa wanaingia majumbani na kupekua watakavyo, sasa mnawaundia serikali mpya yenye nguvu bila kuiwekea mipaka? Majimbo kadhaa yaliipitisha katiba huku yakidai orodha hiyo iongezwe. James Madison ndo akaibeba hiyo kazi bungeni, Kongresi ikatuma marekebisho 12 mwaka 1789, na tarehe 15 Desemba 1791 kumi yakawa yamepita. Humo ndo kuna uhuru wa kusema, wa dini, wa magazeti na wa kukusanyika (ya 1), silaha (ya 2), polisi kutokupekua bila sababu ya msingi na hati ya jaji (ya 4), haki ya kukaa kimya usijishuhudie mwenyewe (ya 5), haki ya wakili na kusikilizwa mapema mbele ya wazee wa baraza, yaani jury, raia wa kawaida wanaoamua kesi (ya 6), kutokupewa adhabu za kikatili (ya 8). Mawili hayakupita wakati ule, na moja lina kisa kizuri sana nitakisema mwishoni.

Kwa hiyo tangu 1791 kila mtu Marekani alikuwa na haki hizo?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Kwanza mamia ya maelfu ya watu walikuwa watumwa, hizo haki hawakuzigusa. Pili, hata kwa mzungu huru, orodha ile ilikuwa inaibana serikali kuu peke yake, majimbo hayakuhusika. Kuna bwana aliitwa John Barron, alikuwa na gati bandarini Baltimore, mji ukachepusha mito ukajaza mchanga kwenye gati lake mpaka meli zikashindwa kufika, akadai fidia kwa kutumia marekebisho ya 5, na mwaka 1833 Mahakama ya Juu ikamwambia hiyo haki ni dhidi ya serikali kuu tu. Jimbo lako likikunyamazisha au likikupekua, Katiba ya Marekani haikuwa na la kukusaidia. Shika hilo, maana ndo linaeleza kwa nini marekebisho ya 14 yalikuwa makubwa vile.

Marekebisho ya 13 yalimaliza utumwa kabisa?

Yalipita Desemba 1865 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na yalifuta utumwa nchi nzima, hilo ni kweli na ni jambo kubwa mno. Lakini yasome mpaka mwisho. Yanasema utumwa na kazi za kulazimishwa marufuku, isipokuwa kama ni adhabu ya kosa ambalo mtu amehukumiwa. Majimbo ya kusini yakaingilia hapohapo. Yakatunga sheria za uzururaji, mtu mweusi akikutwa hana kazi anakamatwa, anatozwa faini asiyoweza kulipa, alafu jimbo linamkodisha kwa mwenye shamba au mwenye mgodi. Yaani kijana ameachiwa huru na Katiba, mwaka mmoja baadaye yuko tena shambani na mnyororo mguuni, na makaratasi yote yako sawasawa kisheria. Nikilisoma hili naumia kila mara.

Mississippi walikataa kuyapitisha mwaka 1865, wakaja kupitisha 1995, na makaratasi ya kukamilisha yakafika Washington 2013.

Kwa nini kila mtu anataja marekebisho ya 14?

Kwa sababu ndo yaliyogeuza kila kitu, na ukiniambia nichague moja tu kati ya 27 nachagua hili bila kufikiri mara mbili.

Mwaka 1857 Mahakama ya Juu katika kesi ya Dred Scott ilisema mtu mweusi, awe mtumwa awe huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yakaizika hukumu ile kwa sentensi moja: kila aliyezaliwa Marekani au kupewa uraia, na yuko chini ya sheria zake, ni raia wa Marekani na wa jimbo anakoishi. Alafu yakayageukia majimbo yenyewe, jimbo lisimnyang'anye mtu maisha, uhuru wala mali bila kufuata utaratibu wa haki, na lisimnyime mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria.

Maneno hayo yalikaa karibu kama mapambo kwa miaka mingi, nasema kweli, maana 1896 mahakama ileile ilikubali weusi na wazungu watenganishwe kwenye treni za Louisiana ikisema wakiwa wametengwa lakini sawa hamna ubaya. Ilibidi wafungue kesi baada ya kesi mpaka 1954, kwenye kesi ya Brown, majaji wote tisa wakasema shule za kutenganisha rangi zinavunja ulinzi sawa. Maandishi yalikuwa yaleyale ya 1868, hawakuongeza hata koma. Kilichobadilika ni watu waliokataa kuchoka.

Na ile shida ya John Barron ikaisha taratibu. Kuanzia miaka ya 1920 mahakama ikaanza kusema haki hii na ile za orodha ya 1791 zinayabana majimbo pia, kupitia ya 14. Mfano ninaoupenda ni Clarence Gideon wa Florida, maskini, 1961 alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool, akaomba wakili akanyimwa, akajitetea mwenyewe akafungwa miaka mitano. Akiwa jela akaandika barua kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote wakakubaliana naye, ukishtakiwa kosa kubwa na huna hela jimbo likupe wakili. Kesi ikarudiwa, safari hii ana wakili, na wazee wa baraza wakamwona hana hatia.

Nimesikia marekebisho hayo yana uhusiano na Kenya, ni kweli?

Kupitia mtu mmoja, ndiyo. Wakili aliyeongoza ile kesi ya Brown anaitwa Thurgood Marshall. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwita awe mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House, London, na Marshall akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya. Mtu aliyepigania weusi walio wachache kwao, akaenda kuandika namna ya kuwalinda wachache wa Kenya, wakiwemo walowezi wazungu na Wahindi, wakati weusi ndo wanaelekea kushika nchi. Kwake sheria ni sheria, ilinde kila mtu. Mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Nashangaa hadithi hii haifundishwi zaidi mashuleni kwetu.

Mtoto wangu amezaliwa huku na mimi niko kwa visa ya shule, je ni raia?

Marekebisho ya 14 yanazungumzia aliyezaliwa, mzazi hatajwi. Kesi kubwa ni ya Wong Kim Ark, kijana aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina ambao sheria ya wakati ule haikuwaruhusu kuwa raia, alisafiri China akirudi 1895 akazuiwa asishuke melini, wakisema si raia. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikasema ni raia kwa kuzaliwa, ikaacha nje watu wachache kama watoto wa mabalozi. Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuwanyima uraia watoto wa wazazi wasio na makaratasi au walio kwa visa za muda, na kesi zikafunguliwa papo hapo. Mambo ya aina hii ongea na wakili wa uhamiaji anayejua yanayoendelea sasa, usitegemee jirani wala grupu la WhatsApp.

Mimi si raia, haki hizi zinanihusu?

Nyingi zinakuhusu. Angalia neno lililotumika, sehemu kubwa ya ya 5 na ya 14 inasema "mtu", haisemi "raia". Mwaka 1886 mfuaji nguo Mchina wa San Francisco, kwenye kesi ya Yick Wo, alishinda kwa hoja hiyohiyo, mji ulikuwa unawanyima Wachina vibali vya kufulia kwenye majengo ya mbao huku wazungu wanapewa. Na 1982 mahakama ikazuia Texas kuwafukuza shule za umma watoto wasio na makaratasi. Kukaa kimya polisi wakikuhoji ni haki yako pia.

Kura ndo hapana. Jamani, narudia kila siku, kama hujawa raia usijiandikishe kupiga kura ya taifa hata mtu akikuletea fomu dukani na tabasamu, unaweza kufukuzwa nchini kwa hilo. Na kitu kingine ambacho ukiwa raia wa kupewa huwezi ni urais, huo ni wa raia wa kuzaliwa. Ilhan Omar aliyepita kambi ya wakimbizi Kenya ameingia bungeni, ila urais hawezi. Obama, ambaye baba yake Mkenya, aliweza kwa sababu alizaliwa Honolulu.

Marekebisho ya 15 ni ya 1870, mbona weusi wa kusini waliteseka mpaka 1965?

Swali hili ndo linaniuma kuliko yote. Maandishi yako wazi, haki ya kura isinyimwe kwa sababu ya rangi wala ya kuwahi kuwa mtumwa. Na mwanzoni yalifanya kazi, mwaka huohuo 1870 Hiram Revels wa Mississippi akaingia Seneti, mweusi wa kwanza. Alafu jeshi la serikali kuu likaondoka kusini 1877, na majimbo yakaanza kutafuta njia za kumnyima mweusi kura bila kutaja neno rangi. Wakaweka kodi ya kichwa, ambayo babu zetu waliijua vizuri chini ya mkoloni, ila huku ilikuwa usipolipa hupigi kura. Wakaweka mtihani wa kusoma na kueleza vifungu vya katiba, anayesahihisha ni karani mzungu, na mwalimu mweusi mwenye digrii anafelishwa. Wakaweka sheria kwamba kama babu yako alikuwa anapiga kura kabla weusi hawajaruhusiwa basi wewe husumbuliwi na mtihani, na babu wa nani alikuwa mtumwa? Anayebisha anachomewa nyumba au anauawa.

Hiyo ni miaka 95. Marekebisho ya 24 yakafuta kodi ya kichwa kwenye uchaguzi wa taifa mwaka 1964, na Machi 1965 watu walioandamana Selma, Alabama, wakapigwa darajani mbele ya kamera, nchi ikaona, na Agosti ikapita Sheria ya Haki ya Kupiga Kura iliyowapa maafisa wa serikali kuu nguvu ya kwenda kusini kuandikisha watu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaondoa sehemu muhimu ya sheria hiyo, ile iliyoyalazimisha majimbo yenye historia mbaya kuomba ruhusa kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Kwa hiyo mapambano hayajaisha.

Wanawake walipataje kura?

Marekebisho ya 19, mwaka 1920, baada ya miaka zaidi ya 70 ya kudai. Yalibakiza jimbo moja na ikawa Tennessee, kura bungeni zimefungana, kijana wa miaka 24 Harry Burn amevaa ua jekundu la wapinzani, lakini mfukoni ana barua ya mama yake, Febb, anamwambia awe mtoto mwema apitishe. Akapitisha. Yaani kura ya mamilioni ya wanawake ilipita kwenye barua ya mama mmoja wa kijijini! Ila mwanamke mweusi wa kusini aliendelea kuzuiwa na yaleyale niliyoyasema hapo juu.

Kodi inayokatwa kwenye mshahara wangu nayo iko kwenye Katiba?

Iko, marekebisho ya 16 ya mwaka 1913, kwa sababu 1895 mahakama ilikuwa imeikataa kodi ya mapato. Kabla ya hapo serikali kuu ilikuwa inategemea sana ushuru wa forodha, kwa hiyo serikali kubwa unayoiona leo yenye jeshi na pensheni imesimama juu ya sentensi ile moja. Mwaka huohuo ya 17 ikawapa wananchi kuchagua maseneta wenyewe, zamani walikuwa wanachaguliwa na mabunge ya majimbo na rushwa ilikuwa nje nje.

Ni kweli waliwahi kupiga marufuku pombe kwenye Katiba?

Kweli, ya 18, ilianza kazi Januari 1920. Ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha, kunywa kwenyewe haikukataza. Biashara ikaenda kwa magenge, Al Capone akatajirika Chicago, na alipofungwa 1931 alifungwa kwa kukwepa kodi ya mapato. Desemba 1933 ya 21 ikaifuta ya 18, na ni mara pekee marekebisho yamefutwa na mengine.

Na rais, wamembana vipi?

George Washington, rais wa kwanza, aliondoka baada ya awamu mbili na wengine wakafuata kama desturi tu, mpaka Franklin Roosevelt akachaguliwa mara nne, 1932, 1936, 1940 na 1944, akafia madarakani. Marekebisho ya 22 ya mwaka 1951 yakasema hakuna atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili. Ukirithi kiti cha aliyekufa ukakalia zaidi ya miaka miwili yake, unaruhusiwa kuchaguliwa mara moja tu.

Ya 20 ilisogeza kuapishwa kutoka Machi 4 hadi Januari 20, maana Lincoln alichaguliwa Novemba 1860 na kabla hajaapishwa majimbo saba yalishajitenga. Ya 25, mwaka 1967, ilikuja baada ya Kennedy kuuawa na nchi kukaa zaidi ya mwaka bila makamu wa rais, ikamruhusu rais kuteua makamu mpya kwa idhini ya Kongresi. Kwa njia hiyo Gerald Ford aliteuliwa makamu 1973, Nixon akajiuzulu 1974, Ford akawa rais, na hakuna mwananchi aliyewahi kumpigia kura kwa nafasi yoyote kati ya hizo mbili.

Vijana wa miaka 18 walipewa kura lini?

1971, marekebisho ya 26, wakati vijana wanapelekwa Vietnam wakiwa na miaka 18 lakini kura mpaka 21. Majimbo yalipitisha kwa siku 100 tu, hakuna lililowahi kwenda haraka hivyo.

Na lile lililochelewa kuliko yote?

Ni moja ya yale mawili yaliyoachwa mwaka 1791, linasema wabunge wakijiongezea mshahara nyongeza isianze mpaka uchaguzi mwingine upite. Lilikuwa halijawekewa muda wa mwisho. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Gregory Watson, aliandika insha ya darasani kwamba bado linaweza kupitishwa, akapewa C. Hakukubali. Akaanza kuandikia barua wabunge wa majimbo, jimbo moja baada ya jingine, kwa hela yake mwenyewe, miaka kumi, na Mei 1992 likawa marekebisho ya 27, miaka 202 na ushee tangu Kongresi ilitume. Mwaka 2017 chuo kikambadilishia maksi, kutoka C hadi A.